Hatua ya Nane ya Mwalimu Breki

Leo nitamsema wifi yangu, na asinune, maana kusemwa na wifi ni haki ya kila mke. Huyu mke wa kaka yangu ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari la chuo lina pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na ile ya mwalimu imelika mpaka chuma kinaonekana. Ukimsikia mtu anasema "ajali haina kinga" mbele yake, ujue huyo ni mgeni.

"Ina kinga," atamjibu. "Kinga yake ni mguu wangu huu."

Mimi mwenyewe alinifundisha nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kufeli mtihani mara mbili. Hakunipunguzia hata kidogo kwa kuwa mimi ni dada wa mumewe. Nadhani aliniongezea. "Wifi, hiyo ni klachi, siyo mgongo wa shemeji. Ikanyage taratibu." Anasema hivyo dirisha likiwa wazi, watu wote wa benchi la kusubiria zamu wanasikia, na mimi sina pa kujificha.

Anachokiamini ni hatua. Kwake gari haliendeshwi kwa akili, linaendeshwa kwa hatua, kwa sababu akili ina safari zake. Kuwasha kuna hatua, kupanda mlima kuna hatua, na kuliacha gari kulikuwa na hatua saba ambazo ni lazima uzitaje kwa sauti huku unazifanya: breki ya mkono, gia huru, zima injini, chomoa funguo, fungua mkanda, tazama kioo, shuka. Ukiruka moja, unarudi ndani na kuanza upya. Nimewahi kushuka kwenye gari lile mara sita kwa mchana mmoja bila kwenda popote.

Sasa, siku ya habari ile. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, tumekaa kwenye benchi chini ya bati tukisubiri zamu. Redio ya ofisini ilikuwa inasikika dirishani. Msomaji akasema mtoto wa mwaka mmoja na nusu amefariki ndani ya gari lililofungwa vioo. Baba yake alikuwa ampeleke kwa walezi, akapitiliza hadi kazini, akaegesha, akaingia ofisini. Walimkuta saa tisa.

Benchi zima lilichemka. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa anajifunza udereva ili, kwa maneno yake, asife akiwa abiria, alisema mtu anaweza kusahau mwavuli, anaweza kusahau miwani, lakini mtoto anasahauje. Binti mmoja aliyekuwa anakaribia kuolewa akasema huyo baba alikusudia. Na mimi, hapa najisema mwenyewe, nilipaza sauti kuliko wote. Nilisema huyo si mzazi, ni jiwe.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka kikombe sakafuni, akaenda hadi kwenye gari la chuo lililokuwa juani, akapandisha vioo vyote vinne, akaingia kiti cha nyuma, akajifungia.

Tulidhani anatafuta kitu. Baadaye tukaanza kutazamana. Mwenye chuo, ambaye sote tunamwita bosi, alitoka ofisini na kalamu yake sikioni.

"Mwalimu wenu anafanya nini mle?"

"Amekaa," mzee mstaafu akamjibu.

"Anamsubiri nani?"

Wifi alikuwa ameinua mkono wenye saa mbele ya uso wake. Dakika ya tano uso ulikuwa unang'aa kwa jasho. Dakika ya nane alifungua kifungo cha shingoni. Mimi sina subira. Niliinuka nikaenda kugonga kioo, naye akanitikisia kidole kama ninavyotikisiwa nikikosea indiketa. Dakika ya kumi na mbili mlango ulifunguka akatoka, blauzi imemganda mgongoni. Alishika paa la gari ajiegemeze, akaliachia haraka kwa sababu lilimuunguza.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Na mimi ni mtu mzima, na mlango najua kuufungua."

Akaenda kunawa uso. Chai yake ilibaki palepale sakafuni mpaka ikaingia nzi.

Jioni nilipita nyumbani kwao. Kaka yangu ni fundi wa majokofu, na binti yao wa miaka miwili ni mboni ya jicho lake. Kila asubuhi ndiye anayempeleka kwa walezi akielekea kazini. Alikuwa ameshaisikia habari ile, na alikuwa mkali kutushinda sisi sote wa benchi. "Afungwe maisha," alisema, akapiga meza mpaka mtoto akashtuka. "Baba gani huyo?" Wifi alikuwa amepiga magoti anamvua mtoto viatu. Kiatu kimoja kilimchukua muda mrefu kuliko kinavyostahili, nikadhani ni uchovu.

Kesho yake asubuhi alitupanga mstari uwanjani.

"Kuanzia leo hatua ni nane," alisema. "Ukishashuka, unafungua mlango wa nyuma. Unainama. Unaweka kiganja juu ya kiti. Unasema kwa sauti: kiti kitupu. Ndipo unafunga gari na kwenda zako."

Mzee mstaafu aliinua mkono. "Mwalimu, mtoto wangu wa mwisho ana miaka thelathini, na yuko ng'ambo."

"Basi utahakikisha hayupo."

"Mimi sina mtoto kabisa," akasema yule bibi harusi mtarajiwa.

"Utakuwa naye. Mkono uanze kuzoea sasa hivi. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

"Lakini Mwalimu, mtu hawezi kumsahau mwanawe."

Wifi alimfungulia mlango wa gari. "Akili ina safari zake," alisema. "Mkono hauna pa kwenda. Ingia kwenye gari."

Basi uwanja ukageuka vituko. Kutoka asubuhi hadi jioni, huku na kule, unasikia watu wazima wanatangaza "kiti kitupu" kama wananadi viti mnadani. Wapita njia walikuwa wanasimama kutazama. Mzee mstaafu aliipenda kuliko wote, akawa anaitamka kwa sauti ya kiongozi anayefungua mkutano. Wengine waliibatiza sala ya mlango wa nyuma. Wifi hakucheka wala hakununa. Aliyesahau alirudishwa ndani kuanza upya kuanzia breki ya mkono.

Bosi ndiye aliyekosa usingizi. Siku moja alimwita wifi mbele yetu, karatasi ya mtihani mkononi.

"Mwalimu, hii ndiyo karatasi anayojaza mtahini. Ina mistari ishirini. Wa kiti kitupu haupo."

"Najua."

"Mwanafunzi akimaliza mtihani halafu akaanza kufungua milango bila kuambiwa, mtahini atasema huyu kachanganyikiwa. Chuo hiki kinaishi kwa watu wanaofaulu. Akifeli mmoja, mmoja tu, kwa sababu ya hiyo sala yako, utatafuta chuo kingine cha kusalia." Akageuka. "Nani anafuata kwenye mtihani?"

Wote wakanitazama mimi.

Usiku ule nililala vibaya. Kama ningefeli tena, hata kwa kosa langu mwenyewe, wifi angepoteza kazi aliyoifanya miaka kumi na moja. Kesho yake nikamvuta pembeni. Nikamwambia, wifi, siku ya mtihani niache nifanye saba. Nilitegemea anikaripie, lakini alikubali mara moja.

"Fanya saba. Sitaki ufeli kwa ajili yangu. Ukishapata leseni utaendelea na nane."

Nikapumua. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo wala mimi wala yeye hatukulifikiria. Nilikuwa nimeifanya hatua ile wiki tatu mfululizo, mara ishirini au thelathini kwa siku.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Mtahini alikuwa pande la mtu, asiyejulikana kucheka, na alikuwa na desturi yake mwenyewe: watahini wengine hukaa mbele, yeye hukaa kiti cha nyuma, upande wa dereva, ili aone macho yako kwenye kioo. Kwa hiyo wifi alikaa mbele karibu nami kwa sababu ya pedali ya pili. Alikatazwa kusema lolote, na kama mguu wake ungegusa ile breki, basi nimefeli hapohapo.

Jamani, siku hiyo niliendesha! Mzunguko wa barabara niliuingia kama malkia. Mlimani gari halikurudi nyuma hata inchi. Baiskeli ilikatiza ghafla karibu na soko, nikaona kwa pembe ya jicho mguu wa wifi unainuka, nikakanyaga breki mwenyewe kabla yake, na mguu wake ukabaki hewani. Kinyumenyume kati ya mapipa nilipita bila kugusa hata moja. Nilirudi uwanjani nikaegesha mbele ya benchi, ambapo bosi na wanafunzi wote walikuwa wamesimama kunisubiri.

Breki ya mkono. Gia huru. Zima injini. Chomoa funguo. Fungua mkanda. Tazama kioo. Nikashuka.

Hapo mtu mwenye akili timamu husimama kando akasubiri matokeo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa cha nyuma. Nilifungua mlango, nikainama, nikaweka kiganja changu chote juu ya paja la mtahini, na nikatangaza mpaka benchi zima likasikia, "Kiti kitupu."

Mzee mstaafu alicheka hadi akashikilia meno yake ya bandia. Bibi harusi mtarajiwa alijificha uso kwa mkoba. Bosi hakucheka, alitoa kalamu sikioni na kuirudisha, akaitoa tena. Mtahini alikuwa anautazama mkono wangu, ambao, nasikitika kusema, ulikuwa bado upo palepale.

"Mama," alisema, "mimi ni kiti kitupu?"

"Hapana, mzee."

"Basi hii ni nini?"

Nikauondoa mkono. Wifi alikuwa ameshashuka na kuzunguka gari.

"Nimemfundisha mimi," alisema. "Kama ni kosa, liandike langu, siyo lake. Kaendesha vizuri na wewe umeona."

"Umemfundisha kwa nini?"

"Kwa ajili ya yule mtoto wa kwenye habari. Aliyefia kwenye gari."

"Habari hiyo tumeisikia wote," mtahini alisema. Alikuwa bado amekaa, faili mapajani. "Mimi pia nina watoto, na sijaanza kupapasa viti. Nakuuliza wewe. Kwa nini?"

Wifi alimtazama bosi. Akalitazama benchi. Mwisho akanitazama mimi.

"Kwa sababu hata mimi imenitokea," alisema.

Akaendelea, "Miezi minne iliyopita. Mtoto hupelekwa na baba yake kila siku, ila siku hiyo baba aliitwa kazini mapema, nikampeleka mimi. Akalala njiani. Mimi nikawa namfikiria mwanafunzi mmoja anayeogopa mlima, nitamfundishaje. Nikapita mlangoni kwa walezi bila hata kupunguza mwendo. Nikafika hapa, nikaegesha pale." Alionyesha kwa kidole karibu na ukuta. "Nikafanya hatua zangu saba zote, sikuruka hata moja. Nikafunga gari. Nikaingia ofisini, nikasaini daftari, nikanywa maji. Halafu nikarudi kwenye gari kuchukua kofia."

Akajishika kichwani.

"Kofia, mzee. Sikurudi kumchukua mtoto. Nilirudi kuchukua kofia, nikamkuta mtoto. Alikuwa bado amelala, nywele zimelowa."

Mimi ni shangazi wa huyo mtoto. Ni damu yangu. Nilitaka kumzaba wifi kibao palepale, leseni iende na maji, na sitadanganya, mkono ulianza kuinuka. Lakini alikuwa hajaacha kunitazama. Mtu wa mwisho duniani ambaye angetaka alijue jambo lile nilikuwa mimi, dada wa mumewe, na alikuwa amelisema mbele yangu ili nisifelishwe. Mkono ulishuka wenyewe. Nilikuwa nalia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Mtahini alifungua faili, akaandika, akashuka polepole.

"Karatasi hii haina mstari wa hilo jambo," alisema. "Siwezi kukuongezea wala kukupunguzia. Umefaulu, mama." Kisha akamgeukia bosi. "Namna mnavyofundisha ninyi si kazi yangu. Ila wanafunzi wako wengine wakija, mimi nitakaa mbele."

Bosi alikohoa. Alitutazama sote kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono, halafu akasema haya, wanaofuata warudi kwenye zamu, na wasiruke hatua. Mzee mstaafu akauliza, ngapi? Bosi akasema, "Nane, mzee. Si unajua mwenyewe?"

Tulikwenda nyumbani kwao kwa gari la wifi, mimi nimeshika usukani na cheti changu kwenye dashibodi.

"Wifi," akaniita.

"Sema."

"Kaka yako hajui."

"Nimeshaelewa kuwa hajui."

"Ulimsikia siku ile. Akijua, hataniachia mtoto tena. Hata kumtembeza nje hataniachia."

"Ningekuwa mimi, nisingekuachia," nikasema. Ndivyo nilivyo, neno likishafika mdomoni halirudi.

"Najua," alisema, na akageuka kutazama dirishani.

Niliona nimemuumiza, na sikuomba radhi. Nilimwambia tu kwamba benchi zima limesikia, na mzee mstaafu ana simu mbili na hana kazi. Ni heri kaka asikie kutoka kinywani mwa mkewe kabla ya jua kuzama. Nilipoegesha hakungoja nimalize hatua zangu. Alishuka akaingia ndani haraka, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino na hataki kubadili nia. Mimi nilifanya zote nane, nikamfuata.

Kaka alikuwa amekaa mkekani, mtoto anambana shati kwa vibanio vya nguo, kifua kizima. Aliniona mlangoni akaanza kuinuka kwa furaha. "Enhe, umefaulu au—"

"Kaa kwanza," wifi akamwambia.

Akamwambia akiwa amesimama, kwa pumzi moja, vilevile alivyomwambia mtahini: mlima, mlango wa walezi, daftari, maji, kofia. Hakujitetea popote. Alipomaliza nilisogea karibu naye, maana namjua kaka yangu, hasira zake na zangu zimetoka tumbo moja. Nilijiandaa kusimama katikati yao, na sikujua ningekuwa upande wa nani.

Kaka hakupiga kelele. Alianza kuvitoa vile vibanio kwenye shati, kimoja kimoja, akavipanga mkekani.

"Ulikaa mle ofisini muda gani?" aliuliza.

"Dakika saba. Labda nane."

"Mimi ishirini," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Wifi alisema, "Ishirini nini?"

"Mwaka jana, mvua zilipokwisha. Jokofu la duka la dawa lilikuwa limekufa na lina chanjo ndani, wananipigia simu njia nzima, fundi uko wapi, fundi uko wapi. Niliegesha kivulini, Mungu tu. Nikachukua mkoba wa vifaa nikaingia. Nilikuwa nimeshafungua jokofu kwa nyuma, nimeshalala chini na tochi mdomoni, mteja mmoja akaja na mtoto analia." Alikuwa anasema huku anatazama vibanio. "Nikajiuliza, mbona mtoto yule analia na wangu halii. Sikumbuki nilivyotoka."

Mtoto alikuwa ameanza kukirudisha kibanio cha kwanza kwenye shati la baba yake.

"Mwaka mzima," wifi alisema, na sasa sauti yake ndiyo iliyopanda. "Mwaka mzima, na ukapiga meza hapa mbele yangu, afungwe maisha. Mbona hukuniambia?"

"Ungeniachia mtoto tena?"

Nilimwona wifi anatafuta jibu zuri, na nikamwona anashindwa kulisema.

"Nisingekuachia," alisema. "Hata siku moja."

"Haya."

Kaka aliinuka na kibanio kimoja bado kinaning'inia kifuani. Akamnyanyua binti yake, akavuka mkeka hadi aliposimama mkewe, akamweka mikononi mwake.

"Jumatatu mpeleke wewe," alisema. "Jumanne nitampeleka mimi."

Wifi alimpokea kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimesimama pale na cheti changu, hakuna aliyekumbuka kuniuliza habari zake, na sikuona vibaya. Nilikwenda jikoni kupasha chakula. Niliporudi alikuwa bado amembeba.